Kuishi Skipton, mji wa gulio Uingereza, huku ofisi yako iko Dar

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila uzi wa maisha ya Uingereza humu ndani ni London, Manchester, Birmingham. Sisi wa miji midogo hatujitokezi, na maswali yanayoletwa faraghani yanafanana, kwa hiyo naona niyajibu hapa mara moja. Nazungumza hasa na mtu anayefanya kazi kwa kompyuta akiwa nyumbani, mwajiri wake yuko Dar, Nairobi au kwingineko, na familia imemfikisha mji mdogo wa Kiingereza. Au anafikiria kuhamia huko kwa sababu kodi ya nyumba London imemshinda.

Mimi niko Skipton, Yorkshire ya Kaskazini. Mke wangu ni muuguzi na viza yake ndiyo iliyotuleta. Ofisi yangu iko Dar.

Skipton ni mji wa gulio kwelikweli. Mfalme John aliupa hati ya soko mwaka 1204, na hadi leo meza zinapangwa siku nne kwa wiki, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, palepale High Street, kwenye mawe yaliyo kati ya barabara na maduka. Juu ya mtaa kuna kanisa na ngome iliyozingirwa miaka mitatu kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, hadi Desemba 1645. Nyuma ya maduka unapita mfereji wa Leeds na Liverpool. Pembeni ya mji kuna mnada wa mifugo ambako wakulima wa mabonde ya Dales bado huleta kondoo na ng'ombe. Kwa hiyo soko si pambo la watalii. Watu wananunua mboga, jibini, samaki, soksi, betri, na wanasimama kuulizana hali.

Watu huniuliza intaneti kwanza. Mimi ningeanza na saa.

Afrika Mashariki iko mbele ya Uingereza kwa saa 3 msimu wa baridi na saa 2 msimu wa joto, kwa kuwa Waingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kikao cha saa 2:00 asubuhi Dar kinanikuta saa 11:00 alfajiri mwezi Januari, na saa 12:00 mwezi Juni. Hapo wengi hukata tamaa kabla hawajapiga hesabu ya upande wa pili. Ofisi ikifunga saa 11:00 jioni kwenu, msimu wa baridi kwangu ni saa 8:00 mchana. Mwezi Desemba jua la hapa linachomoza kama saa 2:20 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10:00 jioni. Mwingereza wa ofisini anakwenda kazini gizani na kurudi gizani. Mimi namaliza kazi mwanga bado upo, meza za soko hazijafungwa, na natoka.

Kutoka huko ndiko kulikonifanya nikae vizuri hapa. Kazi ya mtandaoni haikutambulishi kwa mtu yeyote mjini. Huna mwenzako wa kazi hapa wala bosi, huna basi la asubuhi ambalo abiria wake watazoea sura yako. Unaweza kukaa mwaka mzima na mtu pekee anayekujua akawa ni yule wa kuleta vifurushi. Soko ni pahali ambapo mgeni anaruhusiwa kumsemesha mtu bila sababu kubwa. Nenda siku ileile, meza ileile, saa ileile. Waingereza wa kaskazini hawakukimbilii, lakini wakishakuona mara kadhaa wanaanza wenyewe: hali ya hewa kwanza, kisha unatoka wapi, kisha mtoto anasoma wapi.

Anayefanyia kazi kampuni ya New York ana hesabu tofauti. Kule wako nyuma kwa saa 5, siku ya kazi inaanza saa 8:00 mchana wa hapa na kuisha saa 4:00 usiku. Asubuhi yote ni yako na soko unaliwahi, ila jioni za vikundi, kwaya na michezo ya watoto zinakupita. Fikiria hilo kabla hujasaini mkataba.

Intaneti sasa. Msiangalie jina la mji, angalieni anwani. Ofcom, msimamizi wa mawasiliano, ana ukurasa wa bure wa kukagua kila anwani. Nyumba moja ina faiba hadi ndani, ya pili yake ina faiba hadi kwenye kabati la mtaani halafu waya wa zamani wa shaba unamalizia, na tofauti yake utaiona kwenye kikao cha video. Nyumba za hapa nyingi ni za mawe, kuta nene, waifai inafia chumba cha pili. Vuta waya kutoka kwenye rauta hadi kwenye meza ya kazi. Umeme kwa kawaida haukatiki, ila dhoruba ya Arwen ya Novemba 2021 iliacha nyumba nyingi za kaskazini bila umeme kwa siku kadhaa, kwa hiyo pawabenki na laini ya simu yenye bando viwepo.

Reli. Hili naliwekea mkazo: chagua mji wenye stesheni. Skipton unafika Leeds kwa kama dakika 40 hivi, Bradford muda kama huo. Kuna miji mizuri zaidi ya huu kwenye picha ambayo basi la mwisho linaondoka jioni mapema, na bila gari umefungiwa. Mwenye kazi ya nyumbani anahitaji njia ya kutoka kuliko anayekwenda ofisini.

Nimeandika mengi. Ulizeni.

#2

Mkuu umetisha. Swali langu la msingi: viza. Kuna viza ya watu wa kazi za mtandaoni Uingereza kama zile za Ureno? Maana mimi nina kazi, nina kipato, sina mke muuguzi.

#3 Mleta uzi

Hakuna, mkuu. Uingereza haijaanzisha viza ya namna hiyo. Tangu tarehe 31 Januari 2024 kanuni za viza ya matembezi zinamruhusu mgeni kufanya kazi yake ya nyumbani kwa mtandao akiwa ziarani, lakini kazi hiyo isiwe ndiyo sababu kuu ya safari, na viza yenyewe ni ya hadi miezi 6. Ukimwambia afisa wa uwanja wa ndege unakuja kuishi na kufanya kazi kwa kompyuta, unajifungia mlango.

Waswahili ninaowafahamu wanaofanya kazi hivi wana njia nyingine: mwenzi ana viza ya kazi, au wana ukazi wa kudumu, au uraia. Na hapo pia angalieni. Wafanyakazi wa kutunza wazee walizuiwa kuleta wenzi na watoto tangu Machi 2024, na Julai 2025 mlango wa kuwaajiri kutoka nje ukafungwa. Wauguzi bado wanaruhusiwa kuja na familia.

Ukishaishi huku, kodi ya mapato haifuati mwajiri aliko. Ukikaa siku 183 au zaidi ndani ya mwaka wao wa kodi, unaoanza tarehe 6 Aprili, wewe ni mkazi kwa hesabu za HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, na mshahara wa Dar unautangaza huku. Fomu ya mtandaoni mwisho wake ni tarehe 31 Januari. Kenya na Uganda zina mikataba na Uingereza ya kuzuia mtu kutozwa mara mbili. Tafuteni mhasibu anayejua mambo ya nchi mbili, hiyo ni pesa isiyopotea.

#4

Mleta mada nakuheshimu lakini unawapamba hao watu. Mimi nimekaa mji mdogo, siutaji. Ukiingia baa wanageuka wote. Agosti 2024 tuliona ghasia Rotherham, Hull, Middlesbrough, wanashambulia hoteli za wakimbizi na maduka ya wageni. Familia yangu niliirudisha London wiki ileile. Wewe unaongelea jibini.

#5

Niko Leeds, nasoma kimya tangu juzi. Nataka kumsaidia mleta mada kwenye chakula maana najua ndilo swali linalofuata.

Skipton ukikaa, jikoni kwako kunaletwa na Bradford. Pale kuna maduka ya Wapakistani yanayouza karibu kila kitu: nyama ya mbuzi ya halali, unga wa mahindi mweupe, ndizi za kupika, mihogo, bamia, pilipili mbichi kwa kilo, bizari zote za pilau. Unga wa njano wa supamaketi usihangaike nao, ugali wake haushikani. Tui la kopo lipo kila duka. Sukuma wiki chukua majani yanayouzwa kama "spring greens", yanakatwa vilevile na kukaangwa vilevile.

Na majani ya chai msibebe kutoka nyumbani. Chai ya Yorkshire inayopakiwa Harrogate, jirani kabisa na Skipton, imechanganywa na majani ya Kenya na Rwanda. Chemsha na maziwa na tangawizi, utaitambua.

#6 Mleta uzi

Ndugu wa #4, sikupingi hata neno moja kuhusu Agosti 2024. Wiki ile na sisi tulikuwa na hofu. Mke wangu alikwenda zamu ya usiku na mimi sikulala hadi aliporudi. Skipton haikupata ghasia, lakini Bradford na Leeds wana jamaa zetu, na hofu haiulizi msimbo wa posta.

Ninachokisema ni kitu kidogo na nina hakika nacho. Mji wa watu elfu kumi na kitu, wengi wao wazungu, mtu mweusi anaonekana. Hilo halina njia ya kukwepa. Ila kuonekana na kujulikana havifanani, na kwa sisi tunaofanya kazi chumbani, usipotoka kwa makusudi unabaki kwenye kuonekana tu. Wiki ile, mama wa meza ya mayai aliniuliza kama familia yangu iko salama, akasema tukihitaji kusindikizwa popote mumewe ana gari. Yule mama hakutoka hewani. Nilikuwa nanunua mayai kwake kila Ijumaa, nikimsikiliza habari za goti lake.

Na simlaumu aliyerudi London. Mwenye watoto anajua mwenyewe usingizi wake uko wapi.

Kuhusu upweke nitaongeza mambo mawili. Maktaba ya mji ipo High Street, ni ya bure, kuna meza na joto, na wazee wanaosoma magazeti pale wanaujua mji kuliko tovuti yoyote. Halafu jitoleeni. Maduka ya hisani yanayouza mitumba kwa faida ya wagonjwa wa moyo, saratani, wazee, yanatafuta watu wa kusaidia mchana. Mchana wa baada ya kazi ya Dar ni mchana hasa. Nimejifunza lafudhi ya Yorkshire kwa kupanga makoti na kusikiliza mabibi wakizungumza. Makoti mazuri ya baridi nayo nunueni hapohapo, sufu nzito kwa bei ambayo dukani hupati hata skafu. Nikiyafunga marobota ya yasiyouzika huwa nawaza kwamba mengine yatafika masoko ya mitumba ya Gikomba au Karume kabla mimi sijaenda likizo.

#7

Asalaam aleikum. Mimi niko Maskati, binti yangu ameolewa na kijana anayepelekwa kazini maeneo hayohayo ya Yorkshire, na binti mwenyewe kazi yake ni ya uhasibu kwa kompyuta kutoka nyumbani. Nina maswali ya mzazi. Msikiti upo? Funga inakuwaje, nasikia siku za huko hazikatiki? Na wajukuu wataingia shule gani, za kulipia? Mwanangu allah akubariki.

#8 Mleta uzi

Waaleikum salaam mama, shikamoo.

Keighley iko kama robo saa kwa treni kutoka Skipton, ina misikiti kadhaa na jamii kubwa ya Waislamu wenye asili ya Pakistani waliokuja enzi za viwanda vya sufu. Bradford misikiti ni mingi zaidi. Nyama halali haitawasumbua.

Funga mama inategemea Ramadhani imeangukia mwezi gani. Juni jua la huku linazama kama saa 3:40 usiku na kuchomoza saa 10:35 alfajiri, hiyo ni saumu ndefu kweli. Lakini Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka, sasa inaelekea kwenye baridi. Mwaka 2030 itaanza mara mbili, Januari na tena mwisho wa Desemba, na siku hizo za mwisho wa Desemba mtu anafuturu kabla ya saa 10:00 jioni. Binti yako ataanza na miaka myepesi.

Shule za serikali ni za bure, na watoto wa viza ya familia wanasoma kama wengine. Maombi yanapitia halmashauri, Yorkshire ya Kaskazini, ambayo tangu Aprili 2023 ni moja kwa mkoa wote. Watoto wa madarasa matatu ya mwanzo wanapata chakula cha mchana bure, mwambie aulize cha halali mapema. Posho ya serikali ya watoto asiihesabu, viza nyingi zimeandikwa kwamba mwenye nayo hagusi fedha za umma.

Matibabu wanalipia kabla, pamoja na viza: pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa mwaka, 776 kwa mtoto. Wakifika wajiandikishe kwa daktari wa mtaa wiki ya kwanza, wasingoje kuugua. Kumwona daktari hawalipi tena. Dawa mtu mzima analipia pauni 9.90 kwa kila aina, watoto bure.

Na mama, mwambie achague chumba chenye dirisha la kusini cha kufanyia kazi. Nasema kwa moyo wote. Majira ya baridi ya kwanza binti wa Maskati, akikaa peke yake na hesabu kwenye chumba cha kaskazini, atalia na hatajua kinachomliza.

#9

Shikamoo wakubwa. Mimi naomba tufike kwenye nyumba. Dalali aliniuliza mshahara, nikamwonyesha "payslip" ya Nairobi, akanyamaza hadi leo. Na bili za joto ni za kweli au watu wanatisha?

#10 Mleta uzi

Marahaba. Madalali wa huku wanatumia kampuni za kukagua wapangaji, na mfumo wao hausomi mshahara wa nje. Kama mwenzi wako ana mkataba wa hapa, ombi liende kwa jina lake kwanza. Huna? Peleka barua ya mwajiri, taarifa za benki za miezi kadhaa, na mdhamini mkazi wa Uingereza. Zamani mgeni aliombwa alipe miezi 6 kwa mkupuo. Sheria mpya ya wapangaji ya 2025 inakataza hilo kwa mikataba ya kuanzia tarehe 1 Mei 2026: kodi ya mbele isizidi mwezi mmoja. Amana nayo ina kikomo, wiki 5 za kodi kwa nyumba za kawaida, na lazima iwekwe kwenye mfuko uliosajiliwa. Kila mpangaji England anakaguliwa haki ya kuishi nchini, hilo usilichukulie kama tusi.

Joto ni la kweli. Mfanyakazi wa ofisini anazima boila asubuhi na kuiwasha jioni. Sisi tuko ndani mchana kutwa, kwa hiyo bili ya jirani haikuambii yako. Kila nyumba ya kupangisha ina cheti cha nishati, herufi A hadi G, na mwenye nyumba kwa kawaida haruhusiwi kupangisha iliyo chini ya E. Kwa kazi ya nyumbani mimi singekubali chini ya D. Nyumba ya mawe ya mwaka 1850 ina sura nzuri sana mwezi Julai. Ingia ndani mvua ikinyesha, nusa kabati, pitisha mkono nyuma ya sofa kwenye ukuta wa nje. Ukihisi unyevu ondoka, kwa sababu kuvu itapanda hadi kwenye nguo na vifua vya watoto. Uliza pia kama mita ni ya kulipia kabla mtindo wa LUKU, na kama joto ni la gesi, umeme au mafuta.

Pasha chumba kimoja unachofanyia kazi, funga mlango, vaa sufu. Fungua dirisha dakika chache kila siku hata kama kuna barafu, hewa yenye mvuke itoke.

Kodi ya halmashauri inalipwa mbali na kodi ya nyumba, watu wanaisahau. Kuna madaraja A hadi H, inalipwa kwa kawaida kwa mafungu 10, na ukiishi peke yako unapunguziwa asilimia 25.

#11

Ndugu mimi niko Arusha, mke wangu amepata kazi huko Yorkshire, tunatarajia kufika Oktoba. Leseni yangu ya Tanzania itafaa? Na mwezi huo mbaya kuanzia?

#12 Mleta uzi

Hongereni sana. Leseni ya Tanzania, kama ya Kenya, unaendeshea miezi 12 tangu uwe mkazi. Haibadilishwi moja kwa moja, kwa hiyo omba leseni ya mwanafunzi mapema, pauni 34 kwa mtandao, na ujiunge na foleni ya mtihani wa barabarani. Foleni ni ndefu. Kabla ya hapo treni itawafikisha, na basi England nauli ya safari moja imewekewa kikomo cha pauni 3 kwenye njia nyingi hadi Machi 2027.

Oktoba ni mwezi mzuri ukijipanga. Fikeni kabla saa hazijarudishwa, mpate wiki mbili tatu za mwanga wa mchana za kutafuta duka, daktari na njia ya kando ya mfereji. Jumapili maduka makubwa yanafunguliwa kwa muda wa saa 6 tu, mengi saa 4:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni, msijikute bila chakula siku ya kwanza. Ongea na ofisi yako ya Arusha sasa hivi kuhusu zile saa 3. Omba vikao vya asubuhi vianze saa 4:00 yao kuanzia Novemba hadi Machi, iandikwe, kwa sababu makubaliano ya mdomo yanasahaulika bosi akibadilika.

Mkishajua ni mji gani hasa, andika hapa. Kama ni Skipton, Keighley au Ilkley nitakupa mitaa yenye faiba hadi ndani, na Jumatano au Ijumaa ya kwanza mchana tuonane sokoni niwatambulishe kwa watu wa mboga na mayai.